Kabla Hawajakukabidhi Ndege

Fomu ya maombi ya kazi ya urubani huwa na swali moja fupi: je, umewahi kufeli mtihani wowote wa kuruka? Ukijibu ndiyo, unaachiwa mistari michache ya kueleza. Hapo ndipo kalamu za vijana wengi husita. Wapo wanaoandika hapana, wakiamini kwamba mtihani uliorudiwa na kufaulu umekwisha kufutika. Wapo wanaotaja mmoja na kuficha mingine. Naanza na mistari hiyo kwa sababu kuna ajali mbili ambazo wachunguzi wake walirudi nyuma, wakafukua, mpaka wakafika kwenye fomu ya namna hiyo.

Usiku wa Februari 12, 2009, ndege aina ya Dash 8 Q400 ya kampuni ya Colgan Air ya Marekani iliangukia nyumba karibu na mji wa Buffalo. Wote 49 waliokuwamo walikufa, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Ni aina ileile ya ndege ambayo Air Tanzania huitumia kwa safari za mikoani. Ndege ilikuwa ikikaribia kutua na kasi yake ilishuka mno. Usukani ulipotikisika kumwonya kapteni kwamba mabawa yanakaribia kupoteza nguvu ya kuinua, aliuvuta kwake badala ya kuusukuma mbele. Rekodi zake zilipofunguliwa ilionekana kwamba kabla ya kuajiriwa alikuwa amefeli mitihani kadhaa ya leseni, na kwenye maombi yake ya kazi alikuwa ametaja mmoja tu.

Miaka 10 baadaye, Februari 23, 2019, Boeing 767 ya mizigo ya Atlas Air ilitumbukia kwenye ghuba ya Trinity huko Texas na kuua watu wote watatu waliokuwamo. Ripoti ya wachunguzi ilisema wazi kwamba rubani msaidizi alikuwa ameficha matatizo aliyoyapata kwenye mafunzo ya waajiri wake wa awali, na kwamba kampuni iliyomwajiri nayo haikuyabaini.

Sisemi kwamba anayefeli mtihani ni mtu wa hatari. Marubani wengi wazuri waliwahi kurudia mtihani, na wale wanaokaa kwenye jopo la usaili wanalijua hilo kwa sababu baadhi yao ni hao hao. Jopo likisoma kwamba ulifeli mtihani wa kuruka kwa vyombo, kisha likakusikia ukieleza kwa utulivu kilichokushinda, aliyekusaidia, na mazoezi uliyofanya mpaka ukakiweza, limekwisha kuona kitu ambacho cheti hakiwezi kukionyesha. Mtu wa namna hiyo, siku akikosea angani, atasema mapema kwamba amekosea. Aliyeficha kwenye fomu ataficha pia kwenye chumba cha marubani, na huko hakuna muda wa kufukua.

Kwa hiyo maandalizi ya usaili, nionavyo mimi, yanaanza muda mrefu kabla ya kununua tai. Yanaanza na logibuku, kitabu chako cha kumbukumbu za safari. Ifungue ukurasa kwa ukurasa. Jumlisha upya saa zote: za urubani mkuu, za injini mbili, za usiku, za kuruka kwa vyombo. Hakikisha jumla ya kitabu, jumla iliyo kwenye wasifu wako na jumla uliyoandika kwenye fomu ni moja. Zikipishana hata kwa bahati mbaya ya hesabu, utaulizwa, na maelezo yako yatasikika kama utetezi. Ziko pia saa za kalamu, zile zinazorukwa mezani kwa wino tu ili kufikia kiwango kilichotangazwa. Msaili mzoefu huzinusa. Atachagua safari moja ya miaka mitatu iliyopita na kukuuliza ulibeba nini, upepo ulitoka wapi, ulitua njia ipi. Tena dunia ya anga ya Afrika Mashariki ni ndogo. Aliyekuruhusu kuruka peke yako mara ya kwanza pale uwanja wa Wilson jijini Nairobi, au fundi aliyekuwa akihudumia ndege yako kwenye jengo la kwanza la uwanja wa Dar es Salaam, yumkini ana namba ya simu ya mmoja wa wanajopo.

Msomaji asiye rubani huenda anajiuliza watu hawa hutoka wapi. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, vinamtaka mtu awe na saa 200 za kuruka ili apate leseni ya rubani wa biashara, au 150 kama alisoma kozi kamili katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya juu, ile ya ukapteni wa ndege kubwa za abiria, hudai saa 1,500. Mafunzo ya awali hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na ziko familia zilizouza shamba au kukopa ili mtoto aende kusomea Afrika Kusini. Akirudi na saa zake 200, mashirika makubwa hayamtazami. Anatafuta kazi kwenye Cessna Caravan, ndege ya injini moja yenye panga la mbele, anabeba watalii kutoka Arusha kwenda Seronera, wafanyakazi kwenda Songosongo, wagonjwa na mizigo ya Mafia. Wa Kenya anaanzia Wilson, akienda Maasai Mara na watalii au akipeleka miraa Somalia. Anakusanya saa moja moja. Siku anapoitwa kwenye usaili wa shirika linalorusha ATR, Boeing 737 au Airbus A220, nyuma yake kuna deni, kuna wazazi waliosubiri, na kuna miaka ya kuamka alfajiri.

Ajabu ni kwamba wengi wao wakiingia chumbani huiacha miaka hiyo mlangoni. Wanakuja na majibu ya kukariri, yaliyopita kwenye makundi ya WhatsApp, mengine yakiuzwa kwa pesa kama mtihani uliovuja. Ukiulizwa ueleze siku uliyofanya uamuzi mgumu, unatoa kisa cha rubani wa Ulaya aliyegeuza ndege kwa sababu ya theluji. Jopo limekwisha kukisikia asubuhi hiyo hiyo kutoka kwa mwenzako. Ilhali wewe umewahi kukizunguka kiwanja cha nyasi mara mbili ukisubiri pundamilia waondoke, mvua inakuja kutoka magharibi, mafuta uliyonayo yanatosha kurudi Arusha lakini hayatoshi kujaribu tena kisha kurudi. Umewahi kumwambia mgeni mwenye haraka kwamba mzigo wake hautapanda kwa sababu uzito umezidi na kiwanja ni kifupi, huku meneja wa kambi akikupigia simu. Hivyo ndivyo visa vya usaili. Viandike kwenye daftari, sita au saba, kila kimoja kikieleza hali ilikuwaje, wewe ulikuwa na wajibu gani, ulifanya nini, matokeo yakawa nini, na tangu siku ile umebadilisha nini. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo husahauliwa, na ndiyo msaili huisubiri. Malezi yetu yanatukataza kujisifu, kwa hiyo msailiwa hujificha ndani ya kundi hata pale uamuzi ulipokuwa wake peke yake. Mbele ya jopo, sema ulilofanya wewe. Unayemsimulia anataka kujua mkono wa nani ulikuwa kwenye usukani.

Twende kwenye maswali ya kiufundi, ambayo huwatisha watu kuliko inavyostahili. Vitabu vyake vinajulikana na mada zake hazibadiliki sana: kasi za kupaa, mabawa yaliyorudi nyuma na tabia zake, barafu, upepo unaogeuka ghafla karibu na ardhi, ramani za kukaribia kutua, ripoti za hali ya hewa. Anayesoma atajibu. Kinachomtenganisha msailiwa mmoja na mwingine ni kama anaelewa kinachoitokea ndege mahali anapoishi.

Chukua uwanja wa Jomo Kenyatta. Uko futi zipatazo 5,330 juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu za kawaida za angahewa, joto hupungua takriban nyuzi 2 kwa kila futi 1,000, kwa hiyo mahali pa kimo hicho pangetarajiwa kuwa na nyuzi 4 na kidogo. Mchana wa Nairobi wenye nyuzi 25 una ziada ya zaidi ya nyuzi 20. Kila nyuzi moja ya ziada ni kama kuuinua uwanja futi 120, na hivyo ndege inajikuta ikipaa kana kwamba uwanja uko karibu futi 7,800. Hewa ni nyepesi. Injini zinavuta hewa pungufu, mabawa yanahitaji kasi kubwa zaidi ili yainue uzito uleule, na breki zinalazimika kumeza nguvu kubwa zaidi iwapo safari itakatishwa njiani. Ndiyo maana njia ya kurukia ya pale ina zaidi ya mita 4,100, wakati njia kuu ya Dar es Salaam, iliyo kando ya bahari, ina mita 3,000. Msailiwa anayeweza kulieleza hilo kwa kalamu na karatasi, bila kukimbilia fomula, amejibu maswali matano kwa mpigo. Naye ataulizwa swali la sita: kama uzito ni mkubwa mno kwa joto la mchana, utafanyaje? Kushusha mizigo ni jibu. Kuondoka usiku hewa ikipoa ni jibu jingine, tena zuri.

Hesabu nyingine inayopendwa ni ya kushuka. Kanuni ya marubani ni kwamba kila futi 1,000 za kushuka zinahitaji maili 3 za baharini. Uko futi 35,000, uanze kushuka wapi? Mwenye haraka atasema maili 105. Kama unakwenda Dar es Salaam amepata. Kama unakwenda Nairobi, anatakiwa kwanza kutoa kimo cha uwanja, zibaki futi kama 29,700, na jibu liwe karibu maili 90, kisha aongeze chache za kupunguza kasi. Swali ni la darasa la hesabu za kawaida. Linachopima ni kama mtu husimama sekunde mbili na kuuliza ardhi iko wapi. Kwa rubani anayeruka jirani na Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895 unaoweza kujificha ndani ya wingu moja, tabia hiyo haina mbadala.

Mafuta nayo hayakosekani. Jua yanavyopangwa: ya kutembea uwanjani, ya safari, ya dharura ndogo, ya kwenda uwanja mbadala, na akiba ya mwisho, ambayo kwa ndege za injini za jeti ni dakika 30 za kuzunguka futi 1,500 juu ya uwanja. Akiba hiyo haiguswi. Ukiona utatua ukiwa umeanza kuila, unatangaza dharura kwa neno lake rasmi, Mayday, bila kuona haya. Mwaka 1990, Boeing 707 ya Avianca kutoka Colombia iliishiwa mafuta karibu na New York baada ya kuzungushwa muda mrefu. Watu 73 walikufa. Marubani walikuwa wamewaambia waongozaji kwamba mafuta yanaisha. Hawakutangaza dharura. Jopo likikuuliza kuhusu mafuta, linasikiliza pia kama unaweza kusema jambo zito kwa sauti inayotosha.

Hapo tunafika kwenye swali ambalo katika ukanda wetu lina uzito wa pekee. Huulizwa hivi: mnakaribia kutua kwenye mvua, mmefika kimo cha mwisho kinachoruhusiwa, njia haionekani, na kapteni anaendelea kushuka. Utafanya nini?

Jibu la kitabuni kila mtu analo: nitamwambia apae tena. Lakini msaili haishii hapo. Asipokujibu? Akikwambia nyamaza, naiona? Na mkishatua salama, akakupigapiga begani kama mtoto, utaandika ripoti? Kijana anayejibu alilelewa kumwamkia shikamoo kila aliyemzidi umri, na kapteni huyo anamzidi miaka 30. Huenda ndiye aliyemfundisha. Huenda alisoma na baba yake. Tumekuzwa kuamini kwamba mkubwa hakosolewi mbele za watu, na katika maisha ya nyumbani adabu hiyo ni nzuri, imeshikilia familia nyingi. Naipenda na sitaki ife. Lakini ndani ya chumba cha marubani rubani msaidizi amewekwa pale, na analipwa, ili aone ambacho kapteni hakukiona na akiseme.

Usiku wa Mei 5, 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways ilipaa kutoka Douala, Cameroon, kuelekea Nairobi, kukiwa na giza na mvua. Haikumaliza hata dakika mbili angani. Watu 114 walikufa. Ripoti ya uchunguzi ilieleza kwamba ndege ilianza kulalia kulia polepole, kwamba kapteni aliamini mtambo wa kujiendesha umeshika kumbe haukuwa umeshika, na kwamba hakuna aliyethibitisha. Ilisema pia jambo kuhusu watu wawili waliokuwa mbele: kapteni mwenye tabia ya ukali na kujiamini, na rubani msaidizi mpole asiyejitokeza kusema. Naandika haya kwa heshima kwa familia zote mbili na kwa familia za abiria. Nayaandika kwa sababu kila kijana wa Afrika Mashariki anayekwenda kwenye usaili anapaswa kuisoma ripoti ile yote, aijue kuliko anavyoijua ajali yoyote ya ng'ambo.

Jambo hili si la Waafrika peke yetu. Tenerife, Machi 27, 1977, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana uwanjani na kuua watu 583. Kapteni wa KLM aliyeanza kukimbia kabla ya kupewa ruhusa ya kupaa alikuwa mkuu wa mafunzo, mtu ambaye picha yake ilitumika kwenye matangazo ya shirika. Mhandisi wa ndege aliuliza kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka njiani. Kapteni akajibu kwa mkazo kwamba imetoka, na mhandisi hakuuliza tena. Kutokana na ajali kama hiyo ndipo yalipozaliwa mafunzo ya ushirikiano wa wafanyakazi wa ndege, ambayo leo ni sehemu ya kila usaili iwe yametajwa au hayakutajwa.

Basi jifunze kusema kwa ngazi, na uzifanyie mazoezi kwa sauti. Kwanza taja unachokiona: kapteni, tumefika kimo cha mwisho, sioni njia. Kisha pendekeza: tupae tena. Kisha agiza kwa maneno mafupi ambayo hayana nafasi ya kujadiliwa. Mwisho, ikiwa hajibu au anaendelea, sema unachukua usukani, na uuchukue. Kampuni nyingi zina utaratibu kwamba asiyejibu miito miwili ahesabiwe kuwa hajiwezi. Hakuna hata ngazi moja kati ya hizo inayohitaji kumvunjia mtu heshima. Na kwa anayeomba ukapteni swali hugeuzwa: utafanya nini ili kijana wa miaka 23 asiogope kukusahihisha? Hapo ningependa kusikia habari za Kapteni Al Haynes wa United, ambaye mwaka 1989 ndege yake ya DC-10 ilipoteza mifumo yote ya kuendeshea mabawa na mkia. Aliwasikiliza wote waliokuwapo, akamwita mbele mkufunzi mmoja aliyekuwa akisafiri kama abiria, wakashirikiana kuielekeza kwa nguvu za injini tu mpaka Sioux City. Watu 112 walikufa, na 184 wakapona katika ajali ambayo kwa mahesabu hakuna aliyetakiwa kupona.

Kuhusu mazoezi ya kikundi, ambayo nayo ni sehemu ya usaili, sina maneno mengi. Mnapewa karatasi yenye tatizo, mathalani mmekwama jangwani na mna vitu 15 vya kuchagua, na wasaili wamekaa pembeni wanaandika. Orodha mtakayoitoa haina maana kubwa kwao. Wanamtazama anayeangalia saa, anayemvuta aliye kimya, anayekubali kwamba wazo la mwenzake limelizidi la kwake. Vipimo vya kompyuta vya hesabu za kichwa, kumbukumbu na uratibu wa mikono huboreka kwa mazoezi ya kila siku ya muda mfupi; anza mapema na ulale vizuri. Kiingereza chako kinapaswa kuwa angalau daraja la 4 la ICAO, sharti lililopo tangu 2008, lakini jopo linataka pia usikike ukiwa umechoka na redio inakoroma. Vaa suti safi na viatu vilivyopigwa rangi. Imetosha.

Kwa wanawake kuna jambo la kuongeza. Mwaka 2014 Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787, na bado wapo mabinti wanaoulizwa kwenye usaili kama wataolewa lini na watazaa lini. Wanaume hawaulizwi. Swali hilo halipimi urubani, na jopo linalojiheshimu halipaswi kuliuliza. Ukiulizwa, jibu kwamba ratiba za kazi unazijua na umejipanga kuzitimiza, kisha lirudishe jopo kwenye ndege.

Simuleta, yaani mtambo wa kuigiza urushaji wa ndege, huja mwishoni, na hapo mwenye Caravan huingiwa na hofu kwa sababu anakalishwa mbele ya vyombo vya Boeing au Airbus asivyovijua. Mpimaji anajua kwamba huvijui. Amekuja kuangalia kama dakika ya 40 utakuwa bora kuliko dakika ya tano. Kabla ya siku hiyo omba taarifa za mtambo utakaotumika, uandike kwenye kadi pembe ya pua na nguvu ya injini kwa kila hatua: kupaa, kusafiri, kushuka, kukaribia kutua. Ukizijua hizo mikono yako itatulia, na akili itabaki na nafasi ya kufikiri. Mwenye uwezo akodi saa moja ya simuleta na wenzake watatu wagawane gharama. Asiye nao atumie programu ya kompyuta nyumbani, si kwa ajili ya kujifunza kuhisi ndege, bali kuzoeza macho kuzunguka kwenye vyombo bila kuganda kwenye kimoja.

Utapewa zamu za kona kali, utapewa kusubiri angani, yaani kuzunguka kwenye duara refu juu ya alama. Kumbuka kwamba mguu wa kwenda ni dakika moja mpaka futi 14,000, na dakika moja na nusu ukiwa juu zaidi. Kisha, karibu hakika, injini moja itazimwa wakati wa kupaa. Baada ya V1, kasi ambayo ukishaipita hukatishi tena safari, unaendelea kupaa. Shikilia mwelekeo kwa miguu, shikilia pembe ya pua, panda. Usiguse kitu kwa pupa. Kampuni nyingi hazitaki hatua yoyote ya orodha ianze kabla ya futi 400. Rusha ndege kwanza, ielekeze, ndipo uzungumze na mnara. Kasi ikipungua sema kwa sauti kwamba imepungua na unairekebisha, kwa sababu mpimaji amekwisha kuiona, na anachotaka kujua ni kama wewe umeiona. Wapo waliofaulu baada ya kutua vibaya kwa sababu njia nzima walikuwa wakisema ukweli wa hali ya ndege yao. Na mwenzako wa kulia, ambaye mara nyingi ni rubani wa kampuni aliyewekwa akusaidie, mtumie. Mwombe akusomee orodha. Mwombe akutazamie kimo. Anayejaribu kufanya yote peke yake ili aonekane hodari ameonyesha kwamba hajui kufanya kazi ya watu wawili.

Halafu jopo hukuuliza kama una swali. Wengi husema hapana, asanteni, wanainuka. Mimi ningekaa. Mafunzo ya aina mpya ya ndege ni ghali, na shirika likikulipia hukufunga kwa mkataba wa kulitumikia miaka kadhaa. Ukiondoka mapema unalipa. Ni haki yao kurudisha gharama, na ni haki yako kujua masharti. Uliza deni ni kiasi gani, na kama linapungua kila mwezi unaofanya kazi au linabaki palepale mpaka siku ya mwisho. Uliza kinachotokea ukifeli mafunzo, ukiugua na kupoteza cheti cha afya cha daraja la kwanza, au kampuni yenyewe ikisimama. Hilo la mwisho ni swali la kweli katika eneo letu: Jetlink ya Kenya ilisimamisha safari zake Novemba 2012, Fastjet ya Tanzania ikasimama mwishoni mwa 2018, na marubani waliokuwa na familia na mikopo walirudi kugonga milango upya wakiwa na leseni ya aina moja ya ndege.

Omba nakala ya mkataba uende nayo nyumbani. Mpelekee wakili, au angalau rubani aliyewahi kusaini wa aina hiyo, akusomee vifungu vya fidia. Kama aliyekulipia shule ni mama, naye akae asikilize, kwa sababu mara nyingi jina la mdhamini kwenye karatasi hiyo litakuwa la kwake.